Umeachiwa kamati ya usawa chuoni? Hivi ndio utaifanya ifanye kazi

Kama umefungua hii pengine umeletewa barua yenye muhuri ikisema kuanzia leo wewe ndio mratibu wa jinsia, ulemavu na utangamano, na mwisho wa barua wameongeza yale maneno matamu, "pamoja na majukumu yako mengine". Ofisi hakuna, bajeti hakuna, na aliyekuwa hapo kabla yako amekuachia faili moja ya picha za watu wamevaa tishati za rangi ya chungwa. Pole, na karibu. Nimeandika nikiwafikiria watu wa vyuo vya huku kwetu Kenya, Maseno, Kakamega, Bondo, Bungoma, Kisii, Njoro, lakini wa mahali pengine pia hatakosa kitu.

Kwanza ujue hiyo faili ya picha imetoka wapi. Vyuo vya umma hutia sahihi kandarasi ya utendakazi na serikali, na ndani yake kuna vipengee vya jinsia, ulemavu na uwiano wa kitaifa, kwa hivyo kila robo ya mwaka kuna ripoti inaenda kwa Tume ya Jinsia na Usawa, nyingine kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kadhalika. Ripoti ikiwa na picha na orodha ya waliohudhuria, chuo kimevuna maksi zake. Unaweza kujaza hizo zote mwaka mzima na bado kijana wa kiti cha magurudumu hajafika darasa la orofa ya pili hata siku moja.

Msimamo wangu niuseme mapema ndio tusipotezeane wakati: usianze na sera. Sera ziko, nyingine nzuri sana, zimelala kwa kabati. Ubaguzi wa chuo haukai kwenye sera, unakaa kwenye ratiba, kwenye funguo za hosteli, kwenye fomu, kwenye maksi zilizopotea na kwenye lugha ya karani wa dirisha namba tatu. Kwa hivyo mfuate mwanafunzi kutoka siku anaripoti mpaka siku anavaa joho, na kila mahali anakwama, hapo ndio ajenda yako.

Hatua ya 1: Sheria, ukurasa mmoja tu

Huhitaji kuwa wakili. Unahitaji karatasi moja kwa mfuko juu msajili akikuambia hakuna pesa huwezi kumjibu na hotuba, unamjibu na kifungu. Andika hivi: Katiba ya 2010 kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kinataja mpaka ujauzito, mavazi na lugha, hapo wengi hawajui. Kifungu cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya walio kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, ingawa kinasema itekelezwe pole pole. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ile ilitokana na machungu ya uchaguzi wa 2007, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ilivyorekebishwa 2016, inataka naibu mwenyekiti wa baraza la wanafunzi awe wa jinsia tofauti na mwenyekiti, na kuwe na viti vitatu vya makundi yenye maslahi maalum. Ongeza Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hizo mbili nitazirudia huko chini.

Basi. Usiitoe hiyo karatasi kila mkutano, watu watakuchoka. Itoe siku mtu amekuambia "hiyo haiwezekani".

Hatua ya 2: Tembea na fresha siku ya kuripoti

Siku ya kuripoti acha beji nyumbani. Tafuta fresha, yaani wanafunzi wapya, watatu au wanne wenye hali tofauti, uwaombe ruhusa, halafu mtembee nao kutoka geti mpaka kitanda. Mmoja awe ametoka mbali, ameshuka basi ya usiku kutoka Lodwar au Garissa na hajui mtu Kakamega. Mmoja awe na ulemavu. Mmoja awe amekuja na mtoto ama ana mimba. Mmoja awe hajalipa hata shilingi juu mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haujaingia.

Usiongee sana, angalia tu. Askari wa geti anamsalimia kwa lugha gani? Kama ni Kiluhya ama Dholuo na mtoto ni Mgiriama, ameshaambiwa hapa si kwao kabla hajaweka sanduku chini. Fomu inauliza nini, ina nafasi ya mlezi ama ni baba na mama tu, maana yatima wako wengi huku kwetu. Ni wapi anaambiwa "enda ukatoe kopi" na kopi ni umbali gani? Foleni ya jua kali ina kiti cha aliye mjamzito ama hakuna?

Na kitambulisho, hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wanubi, ambao wako Kibos hapa Kisumu kama walivyo Kibra, wamepitishwa kwa msasa wa vitambulisho miaka na mikaka, na watoto wa familia kama hizo wanaweza kufika chuo bado hawana kitambulisho, na bila kitambulisho mambo ya mkopo yanagonga mwamba. Hapo chuo kinaweza kusaidia na kitu rahisi tu, barua ya kuthibitisha mwanafunzi, na mtu mmoja wa ofisi anayejua njia ya kwa msajili wa watu.

Ukimaliza hiyo siku utakuwa na ukurasa mzima wa vitu vidogo, na karibu nusu haihitaji pesa. Peleka kwa VC, yaani makamu wa chansela, zile tano rahisi kwanza, utimize, ndio watu waanze kuamini kamati yako iko hai.

Hatua ya 3: Kusanya nambari bila kuumiza mtu

Bila nambari utabishana na kila mtu, lakini nambari zenyewe ni moto. Asili ya kabila, afya, imani, hali ya ndoa, hizi zote sheria ya data ya 2019 inaziita taarifa nyeti, huwezi kuzichapa kwenye karatasi ubandike kwa ubao. Waambie watu kwa nini unauliza, wakubali wenyewe, wakae na haki ya kuacha wazi, na anayefungua hiyo faili awe mtu mmoja au wawili wanaojulikana. Orodha ya wanafunzi wenye HIV ama wenye ulemavu usioonekana isipite kwa grupu ya WhatsApp ya idara, hata kama ni "ya makatibu tu".

Nambari zenye maana ni zile zimegawanywa. Kusema chuo kina wasichana karibu nusu hakukuambii chochote. Uliza uhandisi wako wangapi, mwaka wa kwanza na mwaka wa nne, na waliopotea katikati walipotelea wapi. Kwa wafanyakazi gawanya kwa gredi: walinzi na wasafishaji, makarani, walekchara, maprofesa, wakuu wa idara. Chuo kinaweza kuonekana cha kitaifa kwa jumla na bado wakuu wa idara wote wametoka sehemu moja ya barabara. Halafu hesabu vibarua na walekchara wa muda peke yao, utaona kwa nini nikifika kwenye kabila.

Hatua ya 4: Ulemavu, na hapa usiwe na haraka

Hii ndio sehemu ina kazi nyingi ya mikono, na ndio sehemu utapata ushindi wa kuonekana.

Anza nje ya chuo. Tuko na bahati huku magharibi, shule maalum ziko karibu: Joyland na Kibos hapo Kisumu, St. Oda Aluor kule Siaya, shule za viziwi za Mumias. Hao walimu wamelea hawa wanafunzi miaka minne, wanajua nani anasoma nukta nundu, nani anaona maandishi makubwa, nani anahitaji mkalimani. Watembelee kabla ya matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, si baada ya mtoto kukaa wiki sita chuoni bila notsi. Na wataalam si lazima uwatoe Nairobi, Maseno wana idara ya elimu ya mahitaji maalum, tembea huko uombe msaada.

Darasa la orofani. Usiruhusu kamwe suluhisho la "wenzake watambeba". Kubebwa na vijana wanne mbele ya watu mara tatu kwa siku si ujumuishi, na siku wamechoka hafiki. Hamisha darasa lishuke. Mwanzo wa semista chukua orodha ya yuniti za kila mwanafunzi asiyepanda ngazi, mpelekee mtu wa ratiba kabla hajafunga ratiba, na hizo yuniti zipate vyumba vya chini. Haigharimu kitu, inataka tu uwahi.

Rampu. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani ngazi ikiwa juu sentimita 50 rampu inataka urefu wa mita 6. Fundi akikuonyesha rampu fupi imesimama kama ukuta mwambie abomoe, hiyo ni ya kupigia picha. Na usisahau njia kati ya majengo, mvua ya Kakamega inakuja mchana karibu kila siku msimu wake na kiti cha magurudumu hakipiti kwa matope, kwa hivyo hata ukijenga rampu ya dhahabu bila njia ya saruji kufika hapo, umefanya bure. Ukishamaliza pima na mwenye kiti mwenyewe, si na injinia.

Notsi. Kwa asiyeona, tatizo kubwa sai si vitabu vya nukta nundu, ni PDF za kupigwa picha. Lekchara anapiga picha kitabu cha zamani na simu, anatuma kwa grupu, na programu ya kusoma skrini inakutana na picha, inanyamaza. Jaribu hivi: fungua hiyo faili ujaribu kuchagua maandishi na kidole, kama hayachaguliki basi mwanafunzi hasikii kitu. NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini ya kompyuta, iwekwe kwenye mashine kadhaa za maktaba na wafanyakazi wafunzwe kuiwasha. Lekchara naye aombwe kitu kimoja tu, atume notsi zake za kuchapa, na akiandika ubaoni asome kwa sauti anachoandika, si kusema "hii ukijumlisha na hii unapata ile".

Viziwi. Mkalimani wa lugha ya ishara si hisani ya mtu mmoja mwenye roho nzuri. Kwa mhadhara mrefu wanatakiwa wawili wapokezane, kila kama dakika 20, la sivyo yule mmoja anachoka na mwanafunzi anapata nusu ya somo bila kujua ni nusu. Wapewe notsi mapema, kuna maneno ya kemia na sheria hayana ishara inayojulikana na lazima wakubaliane na mwanafunzi. Na wasikae nyuma, wakae pale mwanafunzi anawaona wao na lekchara na ubao kwa jicho moja.

Mtihani. Muda wa ziada, chumba tofauti, karatasi ya maandishi makubwa, haya mwanafunzi alikuwa anapata KCSE, halafu anafika chuo kikuu anaambiwa aombe upya kila mtihani na barua ya daktari. Mpe barua moja ya miaka yote. Ulemavu haupoi wikendi.

Kuna pia ule hauonekani, kifafa, msongo mkubwa wa mawazo, shida za kusoma. Hawa watajificha mpaka waone mmoja wao amesaidiwa kimya kimya bila kutangazwa.

Hatua ya 5: Dini na ratiba

Fupi. Huku Kisii na Nyanza Waadventista ni wengi, Sabato yao inaanza Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua. Waislamu wa Mumias na kwingine wana swala ya Ijumaa mchana, na Ramadhani ikiangukia mtihani mtu anafanya karatasi ya saa kumi akiwa amefunga tangu alfajiri. Mahakama ya Rufaa 2017 iliamua kesi ya kanisa la Waadventista ikawa upande wa wanafunzi na Sabato yao, kwa hivyo usikubali mtu wa mitihani akuambie ni mambo ya kubembelezana. Mtihani wa Jumamosi uondolewe, na ikishindikana kabisa uwe na tarehe mbadala ya wazi ambayo haiitwi "speshali" kwenye transkripti. Chumba kidogo kisafi cha swala na bomba karibu. Mesi iseme wazi nyama ni gani. Imeisha hiyo.

Hatua ya 6: Kabila, yale tunazungumza kwa sauti ya chini

Vyuo vyetu havijawahi kuwa vya kila mtu tangu mwanzo. Egerton pale Njoro ilianza 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton kwa vijana wa kizungu. Siku hizi mzungu ametoka kwa picha lakini swali la chuo ni cha nani limebaki, limebadilisha tu nguo. 2016 Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kaimu VC wa Chuo Kikuu cha Moi, magavana wawili waliongoza maandamano Eldoret kumpinga, wakitaka mtu wa huko. Na Eldoret haiko peke yake, maneno "mtu wetu" utayasikia kila kaunti yenye chuo, sisi wa Nyanza na Magharibi tukiwemo, tusijifanye.

Sasa kufanya je. Kwanza, ajira. Kazi kubwa hutangazwa magazetini, kila mtu anaona. Ukabila unapita mlango wa nyuma: vibarua, walekchara wa muda, wasaidizi wa maabara, kazi za kuitana kwa simu, halafu baada ya miaka mitatu wanapewa ajira ya kudumu "kwa sababu wana uzoefu". Dai hizo kazi zitangazwe, hata kama ni kwa tovuti ya chuo na wiki moja tu. Jopo la usaili lisijazwe na watu wa kwao mmoja, na mwenye ndugu anayesailiwa atoke nje, iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba alitoka.

Pili, wenyeji. Hapa sikubaliani na wale wanasema jamii jirani isipewe kitu chochote. Walitoa ardhi, wanavumilia kelele za bedsita zetu, vile vyumba vya kupanga nje ya chuo, kule Lurambi, Nyawita na Njokerio, wana haki ya kuambiwa nafasi za kazi kupitia baraza la chifu, na tenda ndogo ndogo. Kiti cha VC na maksi za mtihani hazimo kwenye hiyo hesabu. Ukiwaeleza hivyo mapema kwa heshima, mbele ya wazee, inaeleweka kuliko kungoja siku ya maandamano.

Tatu, lugha ya ofisi. Mkutano ni Kiswahili ama Kiingereza, na mwenyekiti ndio anakumbusha. Watu wakiongea lugha ya nyumbani kwa chai hakuna neno, ni yao na ni nzuri. Lakini mkuu wa idara akianza kucheka na wanne kwa Lubukusu katikati ya kugawa yuniti, na wa tano ni Mkamba, huyo wa tano ameshajua yuniti gani hatapewa.

Nne, hosteli. Vyumba vigawanywe na mfumo wa kompyuta, si na mtu mwenye daftari. Changanya watu lakini kwa akili, fresha kiziwi usimweke peke yake blok ambayo hakuna hata mmoja anajua ishara, waweke wawili.

Tano, vyama vya wanafunzi vya kaunti. Kuna wakuu wanataka kuvipiga marufuku kabisa. Mimi nasema viache. Hivyo ndio huchangisha komredi akifiwa, hivyo ndio humpokea fresha asiyejua pa kulala. Vipe sharti moja, mwanachama ni yeyote anayetaka, na pesa za chuo zinaenda tu kwa shughuli ambayo vyama viwili au zaidi wameifanya pamoja. Kandanda na chakula vinafanya kazi kuliko kongamano.

Sita, msimu wa uchaguzi wa wanafunzi. Hapo mapema, kaa na maadmini wa grupu kubwa za WhatsApp, hao ndio wenye mji. Wakubaliane nani anafuta ujumbe wa chuki na kwa muda gani. Na mwaka wa uchaguzi mkuu wa nchi panga kalenda mkijua tarehe, fresha wa jamii ndogo wasiachwe peke yao kwa bedsita za nje, wafunguliwe vyumba ndani ya chuo wiki hiyo.

Hatua ya 7: Ngono, vitisho na maksi

Usianze na bango la kukemea. Anza na maksi zilizopotea, maana hapo ndio mnyanyasaji anapata nguvu. Lekchara akiwa peke yake ndio anajua maksi ziko wapi, mwanafunzi hana budi kumfuata ofisini, mara moja, mara mbili, halafu inakuwa jioni. Kwa hivyo: tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maksi, na mkuu wa idara ndio anaulizwa zikichelewa, si mwanafunzi. Karatasi za mtihani ziwe na namba ya usajili bila jina. Kati, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, na mtihani wa mwisho virekodiwe siku vinapokewa, mwanafunzi atie sahihi. Malalamiko ya maksi yapokelewe kwa dirisha ama kwa mtandao, si ofisini kwa aliyesahihisha. Milango ya ofisi iwe na kioo, gharama ni ya fundi mmoja siku moja.

Halafu njia za kuripoti, ziwe zaidi ya moja, na angalau moja isipite kwa idara ya mlalamikiwa. Lile sanduku la maoni limewekwa nje ya ofisi ya utawala mbele ya makatibu wote, hakuna mtu ataweka karatasi hapo. Andika namba ya simu ndani ya milango ya vyoo, ya wanaume pia, juu wavulana nao hunyanyaswa na wanaona aibu mara mbili.

Kesi ikiwa ni ya kubakwa, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia HIV zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, mapema ndio bora, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge kama anaweza kuvumilia, nguo ziwekwe kwa bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si plastiki. Hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu ina kituo cha waathiriwa, na namba ya simu ya msaada 1195 ni ya bure usiku na mchana. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, haiuzwi. Hospitali kwanza, polisi baadaye, kama atataka. Hii orodha ibandikwe kwa kila mlinzi wa hosteli na kila klasrepu, yaani mwakilishi wa darasa, aijue.

Sheria ya 2006, kifungu cha 23, inamhusu mwenye mamlaka anayesumbua mtu kwa maneno na maombi ya ngono, adhabu ni jela isiyopungua miaka mitatu ama faini isiyopungua shilingi 100,000, ama vyote. Kwa hivyo mtu akija na wazo la "tukae chini tusuluhishe kama familia", mkatae. Kesi ikiendelea, anayehamishwa ni msahihishaji ama msimamizi wa tasnifu, mwanafunzi asipoteze darasa wala mwaka. Weka siku za kujibu na mpigie mlalamishi simu hata kama huna jipya, kimya ndio kinawafanya waondoe malalamiko.

Hatua ya 8: Mimba, watoto na mfuko mtupu

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyesha, chenye pa kunawa mikono, friji, kiti, na kisiwe chooni. Imeandikwa kwa waajiriwa, wewe kifungue kwa wanafunzi pia, hakuna atakayekushtaki. Kanuni ya hosteli inayomtoa mwenye mimba ipelekwe kwa baraza la chuo ikiwa imeambatanishwa na kifungu cha 27. Aliyejifungua wiki ya mtihani apewe tarehe nyingine, na akiahirisha mwaka, mtu wa fedha amweleze mkopo wake utakuwaje kabla hajaondoka, si akirudi.

Umaskini ndio unapita wote. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unawapanga wanafunzi kwa bendi kulingana na hali ya nyumbani, na kuna watoto wa mama mboga wamejikuta bendi ya watu wenye magari. Fungua dawati la rufaa la wiki mbili mwanzo wa mwaka, watu wa sheria mwaka wa nne wanaweza kusaidia kuandika. Kadi ya mtihani isizuiwe kwa aliyeonyesha mkopo unakuja. Na chakula, kama mna msaada wa chakula, kadi ya anayesaidiwa ifanane kabisa na ya anayelipa, akipanga foleni hakuna ajuaye. Mkiweka foleni ya pembeni atalala njaa kuliko kuonekana.

Masomo ya mtandaoni pia angalia. Video ya saa mbili inamaliza bando ya wiki. Sauti na notsi ndogo zinatosha kwa masomo mengi.

Hatua ya 9: Pesa za kamati

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwa hivyo ukileta maombi Mei umechelewa, hesabu zilishapangwa. Januari uwe umeandika, na usiandike "uhamasishaji", andika mita za njia ya saruji, saa za mkalimani, vioo vya milango. Uhamasishaji ndio wa kwanza kukatwa na kusema kweli mara nyingi inastahili kukatwa, semina ya hoteli Naivasha ikila pesa zote na rampu ikingoja. Angalia pia tenda, tangu 2013 asilimia 30 ya manunuzi ya umma inatengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na chuo kinanunua mboga, kopi, usafi na tishati kila wiki. Uliza idara ya manunuzi nani alipata, kwa majina ya kampuni.

Mwanafunzi mwenye ulemavu asaidiwe kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kuna mfuko wa karo na vifaa, lakini fomu ni ndefu na wengi huachia njiani. Tenga Jumatano moja, kaa nao mjaze.

Hatua ya 10: Faili ya kumwachia anayekuja

Utahamishwa, ama utachoka. Kwa hivyo faili ianze leo, na ndani iwe na ile karatasi ya sheria, orodha ya yuniti zinazotakiwa chini kila semista na tarehe ya kumpelekea mtu wa ratiba, namba za wakalimani wanaolipika, majina ya walimu wa kuwasiliana kule Joyland, Aluor na Mumias, nakala za barua za maombi ya pesa pamoja na majibu yake hata yale ya kukataliwa, na kalenda ya Ramadhani na uchaguzi wa mwaka unaofuata. Taarifa za kesi za watu zisikae kwa hiyo faili, hizo zina kabati lake na ufunguo, na ufunguo unakabidhiwa kwa sahihi mbele ya mtu wa tatu. Zile picha za tishati peleka kwa ofisi ya mawasiliano, wao ndio wana matumizi nazo.